Kutoa Upepo

Fundi anayefufua Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 akishafunga wili silinda mpya za breki, neno linalofuata ni moja: "Tutoe upepo." Kamusi husema upepo ni hewa inayokwenda, kwa hiyo wapo wanaotaka istilahi iwe "kuondoa hewa". Mimi nasimama na fundi. Gereji huita upepo hata hewa iliyotulia ndani ya tairi, na kila dereva anaelewa. Kwa kazi hiyohiyo Kiingereza husema breki inatolewa damu, yaani kinataja mafuta yanayomwagika. Kiswahili kinamtaja adui anayetafutwa, na hilo humfaa zaidi anayejifunza.

Ukikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta hadi kwenye wili silinda, nayo huzisukuma breki shuu zibane drami. Mafuta hayabonyei, hewa hubonyea. Kipovu kikibaki njiani, nguvu ya mguu huishia kukikandamiza hicho, na pedali huwa laini. Ndiyo maana mmoja hukanyaga huku mwenzake akilegeza skrubu nyuma ya gurudumu ili mafuta yatoke na vipovu, kisha huikaza kabla mguu haujainuka. Kazi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Vitabu vilivyoandikwa kwa magari ya usukani wa kushoto husema anza nyuma kulia. Kwa Beetle za huku kwetu, zenye usukani wa kulia, anza nyuma kushoto.

Si kila pedali inayozama ina upepo. Ikikanyagwa mara mbili tatu ikapanda na kuwa ngumu kabisa, mara nyingi breki shuu ziko mbali na drami, zinahitaji kusogezwa. Ikizama taratibu chini ya mguu uliotulia, kuna mahali panavuja, au mipira ya masta silinda imechoka. Hapo utatoa upepo mchana kutwa bila faida.

Tena upo upepo unaozaliwa humohumo ndani. Mafuta ya breki ya DOT 3 hunyonya unyevu. Yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Gari likiteremka mlima wa Kitonga na drami zikashika moto, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke nao hubonyea. Dereva hukanyaga, pedali ikaenda hadi sakafuni. Kwa hiyo gari lililolala miaka mingi limwagwe mafuta yote ya zamani na kubadilishwa mipira ya kupitishia mafuta, hata ile inayoonekana mizima: ikivimba ndani, mafuta hayarudi na gurudumu hubaki limebanwa.

Wenzetu mnaotunga kamusi za ufundi, liandikeni "kutoa upepo" kama mafundi wanavyolisema, na maelezo yake yaeleze pia mvuke.