Walimu wa UPE: Waliochekwa Nchi Nzima, Ndio Waliomfundisha Mshua Wako A E I O U

Miaka ya 80 na 90 ukitaka kumshusha mwalimu wala hukuhitaji maneno mengi. Unamwita "UPE" tu, imeisha hiyo. Watu wa kitaa walishaipa tafsiri yao: Ualimu Pasipo Elimu. Ukweli ni kwamba herufi hizo tatu ni za Kiingereza, na zilikuwa jina la mpango wa serikali wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Ila utani ukishashika, nani tena anauliza maana halisi?

Mambo yalianzia Musoma, Novemba 1974. Vigogo wa TANU walikaa kikao na kutoka na azimio kwamba kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Sasa sikia hii. Lengo la mwanzo lilikuwa 1989. Yaani kazi iliyopangiwa miaka 15 ikapewa mitatu. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa mwaka mmoja nyuma, na Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu kutoka kwenye mashamba yao ya mbali na kuwaweka pamoja. Watoto wakawa wengi sehemu moja, na hakuna tena kisingizio cha ada. Mwaka 1974 waliokuwa shule ya msingi walikuwa kama milioni 1.2. Kuingia miaka ya 80 walishafika kama milioni 3.5.

Majengo siyo shida sana, wanakijiji wanafyatua tofali, wanakata miti, wanaezeka nyasi, darasa limesimama. Mwalimu je? Huyo hafyatuliwi. Vyuo vya ualimu vilikuwa vichache na vinachukua muda, na 1977 haisubiri mtu.

Hapo ndipo walipoitwa waliomaliza darasa la saba. Vijana wa vijijini, wengi hata miaka 20 hawajafikisha, waliokosa nafasi ya sekondari. Na kukosa sekondari enzi hizo haikuwa aibu wala dalili ya uzembe, maana nafasi zilikuwa za kuhesabu. Hata kufikia 1980, katika kila watoto 100 waliomaliza la saba, walioenda kidato cha kwanza hawakufika hata 10. Kwa hiyo waliobaki kijijini walikuwemo vichwa kweli kweli.

Mafunzo yao yalikuwa ya aina yake. Hawakwenda chuoni kwanza ndipo wafundishe, waliunganisha vyote. Sehemu ya siku kijana anafundisha kwenye shule ya kijiji, sehemu nyingine anakaa yeye kwenye dawati na kufundishwa na mkufunzi katika kituo cha karibu. Juu ya hapo kuna masomo kwa njia ya posta na vipindi vya redio. Safari hiyo ilikwenda kama miaka mitatu, kisha wiki chache za chuo mwishoni, na aliyefaulu anapewa daraja la tatu C. Waliotoka kwa njia hii kwa jumla walizidi 35,000. Fikiria binti wa miaka 18 mbele ya watoto 60, na mmoja wao ni mdogo wake wa kuzaliwa, anayejua kabisa kwamba dada jana alichapwa na mama.

Na darasa lenyewe? Asubuhi ni mchakamchaka, kisha usafi, kisha mstarini kukaguliwa kucha na meno. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, kiranja anaigonga kwa chuma. Mwalimu akiingia, wote wima: "Shikamoo mwalimuuu!" Hisabati inafundishwa kwa vijiti, mbegu na vizibo vya soda, kila mtoto anakuja na furushi lake toka nyumbani. Aliyepoteza vizibo anahesabu vidole, na vidole vikiisha anaazima vya jirani. Kuandika kunaanzia hewani kwa kidole, kinafuata mchanga, daftari baadaye sana, kwa sababu daftari lenyewe ni la kugombea. Kitabu kimoja cha kusoma kinalaliwa na vichwa vinne au vitano. Aliyekaa upande wa juu wa kitabu anajifunza kusoma maneno yakiwa yamepinduka. Siyo utani.

Shule zilizojaa sana ziligawa watoto zamu mbili, wa asubuhi na wa mchana. Wa mchana wanalikuta darasa la moto, vumbi juu, na ticha ni yuleyule, sauti imeshakauka.

Kulikuwa pia na jembe. Tangu 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule iwe na shamba, bustani au mifugo, ili mtoto asije akaona kusoma ni kukimbia kilimo. Kwenye karatasi ni wazo zuri sana. Kuna shule watoto walijifunza kweli kupanda kwa mistari, kuweka mbolea na kupiga hesabu za mavuno. Kuna nyingine "somo la kilimo" lilikuwa ni kwenda kulima shamba la mwalimu mkuu, basi. Wazee wengi ukiwauliza leo wanacheka, ila mgongo unakumbuka.

Tuwe wakweli, waliowalalamikia walimu wa UPE hawakuwa na wivu tu. Kiingereza ndiyo ilikuwa kasheshe. Kijana aliyekijua kidogo darasani miaka miwili nyuma ndiye anakifundisha, halafu huyo mtoto akibahatika sekondari anakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Makosa ya ubaoni yalinakiliwa daftarini kama yalivyo. Fimbo nayo ilitembea, na mara nyingi ilitembea kuziba pale ambapo maelezo yaliisha. Ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, uchumi ukayumba, chaki na karatasi zikaadimika.

Lakini lawama zilimwangukia nani? Siyo waliokaa Musoma na kubana miaka 15 kuwa mitatu. Zilimwangukia dogo mwenye chaki. Na wengi wa hao madogo jioni walikuwa wanarudi darasani hapohapo kufundisha watu wazima kusoma, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wao. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila 10 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 hata mmoja katika 10 hakufika. Kwa darasa la nyasi na vizibo vya soda!

Wengine waliendelea kujisomea, wakapanda mpaka daraja la tatu A, wakawa walimu wakuu. Jina la UPE halikuwaachia hata hivyo.

Kisha mchezo ukajirudia. Ada ilikuwa imerudishwa kwa sura ya mchango, ikafutwa tena 2001, na watoto wakafurika upya. Miaka michache mbele zikaota sekondari za kata kila kona, na walimu hakuna. Safari hii wakachukuliwa waliomaliza kidato cha sita, wakapikwa kwa wiki chache tu, wakasambazwa mashuleni. Kitaa kikawabatiza fasta "voda fasta", kwa jina la huduma ya kurusha vocha iliyokuwa inatamba kipindi hicho. Na kwenye shule za msingi walikotokea hao voda fasta, waliowashika mkono kuandika herufi ya kwanza wakiwa darasa la kwanza, wengi walikuwa ni walewale wa UPE. Walikuwa bado kazini, hata kustaafu bado.