Jiwe la Mwezini na Gitaa la Morogoro

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kuna kijana anayejaza nyimbo kwenye fleshi. Unampa fleshi na hela kidogo, anafungua kompyuta, anachagua folda, nawe unasubiri huku ukikwepa mikokoteni na watu waliobeba marobota kichwani. Siku moja aliniuliza, "Nikuwekee na zilipendwa, kaka?" Nikamwambia aweke. Majina yakawa yanapita kwenye kioo, na moja akalisoma kwa sauti: "Expo 70, Morogoro Jazz. Expo ndio nini?"

Nilimjibu kwamba ni maonyesho, kama Sabasaba, ila ya dunia nzima. Akaitikia kwa kichwa, akahamia kwa mteja mwingine. Sikuwa nimemdanganya, lakini nilipofika nyumbani niliona nimempunja.

Maonyesho hayo yalifanyika Osaka, Japani, kuanzia Machi 15 hadi Septemba 13, 1970. Nchi 77 zilishiriki, na watu waliopita getini walizidi milioni 64. Kumbuka kwamba sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12 na ushee tu. Kaulimbiu yake ilikuwa maendeleo na maelewano ya binadamu, lakini kilichowavuta watu ni hamu ya kuona kesho kabla haijafika. Kwenye banda la Marekani walipanga foleni kwa saa kadhaa ili kutazama jiwe lililoletwa kutoka mwezini. Kulikuwa na simu zisizo na waya, njia zinazotembea zenyewe chini ya miguu yako, na mashine ya kumwogesha mtu mzima kama inavyofua nguo. Katikati ya yote ulisimama Mnara wa Jua wa msanii Taro Okamoto, wenye urefu wa mita 70 hivi.

Miongoni mwa waliobuni maonyesho ya ndani ya mnara huo alikuwa Sakyo Komatsu, mtunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Mwaka huohuo Komatsu aliongoza kongamano lililowakutanisha Japani watunzi wa hadithi hizo kutoka nchi mbalimbali, Arthur C. Clarke akiwa mmoja wao. Kwa hiyo ukisema Osaka ilikuwa hadithi ya kisayansi iliyosimamishwa kwa chuma na zege, huongezi chumvi. Watunzi wenyewe walikuwa na mkono wao mle.

Huko ndiko Morogoro Jazz ilikopeleka magitaa yake kuiwakilisha Tanzania.

Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe huko Kisarawe. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 60, na mwaka wa Osaka alikuwa kijana wa miaka 26, mpiga solo, mtunzi na mwimbaji. Ukiwa Dar es Salaam wakati ule, bendi ulizitambua kwa mitindo yake. Western Jazz walikuwa na Saboso, Morogoro Jazz walikuwa na Likembe na baadaye Sululu. Mtindo ulikuwa zaidi ya jina. Ulikuwa ahadi kwa mashabiki kwamba hapa utasikia mdundo usiopigwa kwingine. Vyombo vilikuwa vya kisasa, mizizi mingine ilitoka kwenye santuri za Cuba na rumba ya Kongo, lakini maneno yalikuwa Kiswahili na mambo yaliyoimbwa yalikuwa ya nyumba za kupanga, mapenzi na mshahara usiotosha.

Nchi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa haijaamua imtazameje kijana anayependa vitu vya kisasa. Mwaka 1962, alipozindua Wizara ya Utamaduni, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba Watanganyika wengi waliosoma walijua kucheza rumba na chachacha huku ngoma za kwao hawazijui. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na vingine vilivyohesabiwa kuwa uchafu wa kigeni. Kariakoo ilishuhudia ubaya wake. Makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wasichana kwenye kituo cha mabasi kwa sababu ya nguo walizovaa. Novemba 1969 ikapigwa marufuku kucheza muziki wa soul jijini. Miezi minne baadaye mageti ya Osaka yalifunguliwa, na nchi hiyohiyo ikawakilishwa na bendi ya magitaa ya umeme.

Ninavyoona mimi, haukuwa unafiki mtupu. Kulikuwa na swali gumu ambalo viongozi walilijibu kwa amri na wanamuziki wakalijibu kwa kazi: je, unaweza kuwa mtu wa kisasa bila kuwa nakala ya mtu mwingine? Amri ilimgeukia msichana kituoni. Wanamuziki walilichukua gitaa la mgeni, wakalifundisha Kiswahili, wakalipa jina la mtindo wao.

Tena maonyesho ya dunia yalikuwa na historia chafu na Mwafrika. Miaka 12 tu kabla ya Osaka, maonyesho kama hayo yalifanyika Brussels. Wabelgiji walijenga kijiji cha Wakongo na kuweka watu hai ndani ya uzio ili watazamwe. Wapo watazamaji waliowarushia ndizi, na Wakongo wakaamua kurudi kwao. Wakati huohuo, 1958, mjini Léopoldville rumba ilikuwa tayari inapigwa kwa magitaa ya umeme na kupakiwa kwenye santuri zilizosikilizwa hadi Dar es Salaam. Mji wenyewe ulikwishafika kwenye kesho, lakini kilichopelekwa Brussels ni kijiji. Ndiyo maana naona kupanda jukwaani Osaka na besi, tumba na saksafoni halikuwa jambo dogo. Mtu anayetazamwa kama jana alikuwa amekuja na vyombo vya leo.

Na hapa ndipo ninaporudi Kariakoo, maana soko hili nalo lilianza kama maonyesho. Wajerumani walijenga hapa ukumbi wa kuonyeshea mafanikio ya koloni lao. Vita ya 1914 ikaingia. Waingereza walipoushika mji, eneo likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1923 ukumbi wa Wajerumani ukawa soko. Mwaka 1975 Nyerere alifungua jengo jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la miamvuli mikubwa ya zege, ambalo lingependeza hata Osaka. Julai 2021 likaungua.

Kwa hiyo waliotaka kutuonyesha kesho yetu walianzia hapa, na haikutokea kama walivyoipanga. Palipotakiwa kuwa na maonyesho ya koloni pakawa na mji wa wapangaji, wachuuzi na klabu za dansi.

Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Mnara wa Jua bado umesimama Osaka na watu hulipa kiingilio kuuona. Kumbukumbu yetu ya safari ile imo kwenye folda ya zilipendwa, kati ya nyimbo mia mbili, na itadumu kadiri atakavyokuwepo mtu wa kuuliza jina lake lina maana gani.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule kijana, nikamsimulia jiwe la mwezini, mnara na mashine ya kuogesha watu. Alisikiliza huku akimhudumia mteja.

"Kwa hiyo hawa jamaa wa Moro walikwenda huko na magitaa yao?"

"Walikwenda."

Akautafuta wimbo, akaugeuzia mtaani ule msemaji wake mkubwa, na mzee mmoja aliyekuwa anapita na mfuko wa vitunguu akapunguza mwendo.