Modeli za ujenzi katika ufundishaji wa kani

Modeli za ujenzi ni miundo midogo ya madaraja, mapaa, minara na matao ambayo mwanafunzi huijenga mwenyewe na kuipakia uzito ili atambue jinsi kani zinavyopita ndani yake. Kani haionekani kwa macho; kinachoonekana ni kamba iliyokaza, kijiti kilichopinda au kiungo kilichoachia.

Mvutano na mgandamizo

Kielelezo mashuhuri kuliko vyote ni cha mhandisi Benjamin Baker, aliyeeleza muundo wa daraja la reli la Forth, Uskoti, katika mhadhara wa Royal Institution, London, mwaka 1887. Umma ulikuwa na hofu ya haki: daraja jingine la reli la Uskoti, la Tay, lilianguka Desemba 28, 1879 pamoja na garimoshi lililokuwa likipita. Katika kielelezo hicho watu wawili waliketi vitini wakiwa wamenyoosha mikono na kushika vijiti vilivyoegemea viti vyao. Katikati yao uliwekwa ubao, akaukalia Kaichi Watanabe, mhandisi Mjapani aliyefanya kazi kwenye daraja hilo. Ncha za nje za muundo huo zilifungwa kwenye marundo ya matofali. Uzito wa Watanabe uliivuta mikono na kuvigandamiza vijiti. Ndivyo daraja lenyewe linavyobeba mzigo: vyuma vya juu huvutwa, mabomba makubwa ya chini hugandamizwa. Lilifunguliwa Machi 4, 1890, likiwa na nafasi mbili kuu za mita 521 kila moja, na treni bado hupita.

Pembetatu

Mraba wa vipande vinne vilivyofungwa kwa bolti moja kila kona hulala upande ukisukumwa kidogo. Kipande cha tano kikikatiza kona kwa kona, unasimama imara. Kipande hicho kikibadilishwa kwa kamba, mraba hukaza upande mmoja tu, kwa kuwa kamba haibebi mgandamizo. Vipande vya Meccano, seti ya kuchezea ya kujengea, vilivyobuniwa na Frank Hornby wa Liverpool na kupewa hataza mwaka 1901, vilieneza somo hili majumbani. Mabua, mianzi na tambi kavu hulifundisha vizuri vilevile.

Matao

Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1675, kwa fumbo, kwamba umbo la mnyororo unaoning'inia, likipinduliwa, ndilo la tao thabiti.

Mipaka

Modeli ikikuzwa mara 10 kila upande, uzito wake huongezeka mara 1,000 lakini eneo la mkato wa nguzo mara 100 tu, hivyo mkazo unaotokana na uzito wake wenyewe huwa mara 10. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638.