Fahamu chanzo cha chakula cha wakimbizi na sheria zinazowalinda

Katika vijiji vya Bonde la Kilombero kama Namawala, ambako maisha ya kaya nyingi hutegemea mpunga, chakula cha msaada huzungumzwa zaidi pale mito inapofurika, kama ilivyotokea mwezi Aprili 2024. Msaada wa aina hiyo huratibiwa na Serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu na kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na nafaka zake huweza kutolewa katika maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Kwa sababu hiyo, zinaposikika taarifa kuhusu mgao wa chakula katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma, wapo wananchi wanaodhani kuwa ghala ni lilelile. Sivyo.

Chakula cha wakimbizi waliopo kambini hutolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa fedha zinazochangwa kwa hiari na nchi wahisani. Nafaka ya NFRA inapofika katika mikono ya shirika hilo huwa imenunuliwa. Mwaka 2019, kwa mfano, WFP ilisaini mkataba wa kununua tani 36,000 za mahindi kutoka kwa wakala huyo. Mkulima wa Tanzania katika mpango huu ni muuzaji, wala hapunguziwi akiba yake.

Mgao wenyewe ni unga wa mahindi, mikunde, mafuta ya kupikia na chumvi, pamoja na unga wa uji wenye virutubisho kwa watoto wadogo na wajawazito. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa kuwa michango ni ya hiari, kipimo hicho hakifikiwi kila mwaka. Mwezi Machi 2023 mgao ulishushwa kutoka asilimia 80 hadi 65 ya kiwango, na mwezi Juni mwaka huohuo ukashushwa tena hadi asilimia 50, wakati nchi ikihifadhi wakimbizi zaidi ya 200,000, wengi wao kutoka Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nusu ya mgao ni takriban kilokalori 1,050, kiasi kisichomtosha mtu mzima anayechota maji na kutafuta kuni.

Hapo ndipo suala la chakula linapokutana na suala la ulinzi. Sheria ya Wakimbizi Namba 9 ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi kuishi katika eneo lililotengwa na kupata kibali kabla ya kutoka. Mkulima wa Namawala aliyekosa mavuno anaweza kwenda Ifakara kutafuta kibarua. Mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta hana nafasi hiyo. Mgao ukipungua, njia zake za kujazia pengo ni chache mno.

Ulinzi wa mkimbizi haupandi wala kushuka pamoja na michango. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi mwaka 1964, na ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 mwaka 1975. Mkataba huo wa Afrika unatamka kuwa kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, lisilopaswa kuchukuliwa na nchi yoyote kuwa ni uadui. Unamkataza mkimbizi kufanya hujuma dhidi ya nchi alikotoka, na unataka urejeaji uwe wa hiari. Urejeaji wa Warundi ulioanza Septemba 2017 unaendeshwa chini ya makubaliano ya pande tatu: Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Ni vigumu kumhesabu kuwa amerejea kwa hiari mtu aliyeondoka kwa sababu chungu kilikuwa kitupu.

Warundi hao walianza kuingia kwa wingi mwezi Aprili 2015, kufuatia mgogoro wa kisiasa kuhusu muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Maelfu walikwama katika kijiji cha Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako milima ilizuia magari. Kipindupindu kilizuka. Meli ya MV Liemba ndiyo iliyowavusha kwa awamu hadi mjini Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Waliotangulia mwaka 1972 walipokewa kwa utaratibu tofauti. Katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa ardhi, wakalima na kuacha kutegemea mgao. Zaidi ya 162,000 kati yao na vizazi vyao walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014.

Mkimbizi hutofautiana na mhamiaji asiye na kibali, ambaye husimamiwa na Sheria ya Uhamiaji. Hata hivyo, mhamiaji naye anaweza kuwa mhanga. Mwezi Juni 2012, zaidi ya raia 40 wa Ethiopia walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori na miili yao ikapatikana wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamwadhibu msafirishaji na kuagiza mhanga apewe msaada na hifadhi.

Mwananchi anayekutana na mgeni anayeomba hifadhi, au kundi linalosafirishwa kwa kificho, anatakiwa kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kituo cha polisi au ofisi ya Uhamiaji iliyo karibu. Kumpa chakula na maji mtu huyo wakati maofisa wakisubiriwa si kosa.