Aliyeumia Ubongo: Tiba Yake, Ibada Yake na Haki Zake

Himdi zote anastahiki Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Ama baada: Visiwani kwetu watu huumia vichwa kwa njia tunazozijua sote: bodaboda bila ya kofia, kuanguka mkarafuuni au mnazini, ajali ya gari, kupigwa. Wengi hurudi nyumbani jeraha limefunga, na majirani husema, "Alhamdulillaah, mzima huyo." Lakini mkewe anamuona anasahau alichoambiwa asubuhi, anapandwa na hasira kwa kelele za watoto, analala mchana kutwa, na kazi haiwezi tena. Makala hii ni ya nyumba hizo.

Haya ni maradhi ya mwili

Ubongo ulioumia unaweza kumuathiri mtu kumbukumbu, maneno, usingizi, hasira, nguvu za mkono na mguu, hata kunusa. Si ukaidi wala uvivu. Kifafa nacho kinaweza kuanza miezi mingi baada ya ajali, kwa sababu ya kovu lililobaki ndani ya ubongo. Si kila anayeanguka ana jini.

Kisomo cha Qur-aan na dua ni kheri, wala havigombani na dawa. Lakini kumpiga mgonjwa, kumfunga, kumfukiza mpaka akose pumzi au kumwachisha dawa za kifafa ni kumdhuru, na dini yetu imekataza madhara. Kichwa kilichokwisha kuumia kikipigwa tena, mtu anaweza kufa.

Abu Daawuud amepokea kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W) alipopata habari alikasirika sana, akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wanavyuoni wana maneno juu ya isnadi ya baadhi ya riwaya zake, lakini funzo liko wazi: usimtolee hukumu mgonjwa wa kichwa bila ya elimu, iwe ya fiqhi au ya tiba.

Wapi pa kuanzia

Mrudisheni hospitali mara moja, hata usiku, mkiona anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia na haamshiki vyema, anadegedega, mboni za macho hazilingani, au maji meupe yanamtoka puani au masikioni.

Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyofunguliwa mwaka 2014. Aliyeko Pemba aanzie hospitali ya karibu naye, aombe barua ya rufaa. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambayo pia hutibu ubongo.

Siku ya kuruhusiwa msitoke mikono mitupu. Ombeni muhtasari wa matibabu ulioandikwa, picha za kipimo cha CT kama kilifanywa, orodha ya dawa na tarehe ya kliniki. Kisha ulizeni: nani atamfanyisha mazoezi ya viungo? Nani atamfundisha upya kuvaa, kula na kufanya kazi za mkono? Nani atamsaidia kusema? Nani wa kuzungumza naye juu ya hasira na huzuni? Na lini ataruhusiwa kuendesha chombo, kukwea mti au kuzamia? Wataalamu wa kusema ni wachache nchini. Akikosekana, muombeni daktari au mtaalamu wa viungo awaonyeshe mazoezi ya kufanya nyumbani.

Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi sita ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Wapo wanaoendelea kupata nafuu kwa miaka, basi msiache kliniki kwa kuwa mwezi wa tatu hamkuona mabadiliko.

Nyumbani

Fungeni siku yake kwenye swala tano: dawa baada ya Alfajiri, mazoezi baada ya Alasiri, na usingizi baada ya Isha. Mpeni daftari la kuandika mambo. Mwambieni jambo moja kwa wakati, kwa sentensi fupi. Akichoka kwa makelele, apishwe chumba cha kimya. Sherehe na baraza zinaweza kungoja.

Ibada yake

Aliyepoteza fahamu kwa ajali, katika madhehebu ya Imamu Shaafi'iy, halipi swala zilizompita wakati ule. Funga za Ramadhani hulipa akipona. Akiwa na akili zake lakini hawezi kusimama, aswali kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Akitia shaka idadi ya rakaa, ashike iliyo chache kisha asujudu sijida ya kusahau. Dawa za kifafa zikihitaji kunywewa mchana, au daktari akihofia madhara, hafungi. Atalipa akiweza, na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Mali na talaka

Hapa ndipo familia nyingi zinapodhulumu bila ya kukusudia. Ibn Maajah amepokea habari ya Munqidh bin 'Amr, aliyepigwa kichwani hata ulimi wake ukaathirika, naye hakuacha biashara, akawa anapunjwa. Katika riwaya ya Anas, mtu dhaifu wa maamuzi aliletewa mashtaka na watu wake mwenyewe: walimtaka Mtume (S.A.W) amzuilie kuuza na kununua. Yule mtu akasema hawezi kuiacha biashara. Basi Mtume akamfundisha aseme, kila anapouza, kwamba hapana kudanganyana. Na kwa Munqidh imepokewa kuwa alipewa hiari ya siku tatu katika kila anachonunua.

Tazameni: hakunyang'anywa mali yake, bali aliwekewa kinga. Nasi tufanye hivyo. Anayeweza kununua sokoni aende, na mwenziwe awe karibu. Kuuza shamba au nyumba kusifanywe bila ya mashahidi na ushauri. Ikiwa hana uwezo kabisa, usimamizi wa mali uamuliwe na mahkama, si na kaka aliyewahi kushika hati.

Talaka aliyoitamka baada ya kuumia isihukumiwe jikoni wala barazani. Kama wakati ule hakuwa akielewa anachosema, haipiti. Kama alielewa, mambo ni mengine. Nendeni kwa Kadhi na barua ya daktari.

Anayeuguza

Mke au mama anayeuguza peke yake naye huugua. Ndugu wapange zamu, na msikiti uulize hali yao. Fakiri na masikini ni katika wanaostahiki zaka, na familia iliyofilisika kwa nauli na dawa imo humo. Ziara ya mgonjwa ni sunna. Ukienda, kaa kidogo, sema kwa upole, na mwache mama wa nyumba akapumzike saa moja.

Tunamuomba Allaah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Wa Allaahu A'lam.