Yakuti: Jina moja, vito vingi

YAKUTI ni jina la kito cha thamani ambacho wengi hukitambua kwa wekundu wake. Siku hizi wachimbaji na masonara hukiita pia rubi, neno lililotokana na Kilatini, lenye maana ya wekundu.

Yakuti lenyewe limetoka katika Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kigiriki, ambako lilitaja ua na pia jiwe la buluu. Kwa Waarabu, yakuti ilikuwa ya rangi nyingi. Ndiyo sababu Kiswahili kina yakuti samawi, yaani ya rangi ya mbingu, na Biblia ya Kiswahili, katika Kutoka 28, inataja hata yakuti ya manjano.

Wataalamu wa madini wanakubaliana na wahenga hao. Yakuti nyekundu na samawi ni madini yale yale, korandamu, ambayo kwa ugumu huzidiwa na almasi pekee miongoni mwa vito vya kawaida. Chembe za kromiamu ndizo zinazoleta wekundu.

Katika Kurani, Sura ya 55 inataja yakuti pamoja na marijani kwa kusifu uzuri. Jina hili pia walipewa watu, hasa watumwa, waliozoea kuitwa kwa majina ya vito na manukato. Mashuhuri wao ni Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka wa 1229. Mtumwa huyo aliyeachwa huru alitunga kamusi kubwa ya miji na nchi, ambamo alivitaja visiwa vya Unguja na Tumbatu. Leo wasichana wengi nchini huitwa Ruby, na wanandoa waliotimiza miaka 40 husherehekea yubile ya rubi.

Nchini Kenya, kito hiki kilipata sifa mwaka wa 1973, mwanajiolojia John Saul alipokigundua Tsavo, eneo la Taita Taveta. Kaskazini mwa Nakuru, katika Kaunti ya Baringo, huchimbwa rubi na yakuti za rangi ya waridi. Ng'ambo ya mpaka, Longido nchini Tanzania, rubi hupatikana ndani ya jiwe la kijani liitwalo anyolaiti, jina lililotokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Jiwe hilo huchongwa vinyago na mapambo.

Hata hivyo, si kila chekundu ni yakuti. Ganeti na spineli huwa nyekundu vilevile. Jiwe kubwa jekundu katika taji la Uingereza, ambalo kwa karne nyingi limeitwa rubi, kwa hakika ni spineli.

Kwa mchimbaji mdogo wa Bonde la Ufa, tofauti hiyo ni ya riziki. Auzaye rubi kwa jina la ganeti amepunjwa. Auzaye ganeti kwa jina la rubi hupoteza imani ya wanunuzi. Tena, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo husika. Mrabaha hutozwa kwa thamani ya mali iliyouzwa. Kwa hiyo, jina likikosewa kwenye stakabadhi, hasara haimwishii mchimbaji. Kijiji kizima hupunjwa pamoja naye.