Huduma Iliyoanzia Jikoni: Semina za Nyumba, Afya na Malezi katika Usharika Wetu

Katika kuadhimisha miaka 100 ya usharika wetu, tumeandika majina ya wachungaji na wainjilisti waliotutangulia, na habari za kengele, mabati na matofali. Hayo ni mema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ipo huduma moja isiyo na jiwe la msingi, wala picha yake haipo ukutani mwa ofisi ya usharika. Ni semina za nyumba, afya na malezi, zilizowaandaa washarika wa kujitolea kwenda kwa jirani zao na kufundisha mambo ya kila siku: maji ya kunywa, choo, uji wa mtoto, amani ya ndoa. Nimepewa nafasi ya kueleza habari zake, nami nitazieleza pamoja na makosa yetu, kwa kuwa historia ya kanisa isiyo na toba ni nusu ya historia.

Mizizi ya huduma hii ni mirefu. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, haukupita muda mrefu kabla ya mahubiri, shule na tiba kwenda pamoja. Baadaye Mchungaji Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi kwa miaka mingi hadi mwaka 1938, alisisitiza kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo kanisa halina budi kuviheshimu. Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa hilo. Mama aliyejifungua alipumzika nyumbani kwa muda wa kama miezi 3, akilishwa mtori, nyama na maziwa, huku ndugu na majirani wakibeba kazi zake. Mfereji wa maji ulichimbwa na kusafishwa kwa mikono ya wengi. Basi mwalimu wa afya aliyefika kihambani hakuingia katika nyumba tupu. Alikuta hekima ya kujengea.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule mwaka 1973, Taifa lilipoendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga katika vikundi vya kusikiliza, kujadiliana na kutenda. Nawakumbuka wazee wakiizunguka redio moja, na kesho yake wakishika majembe kwenda kuchimba vyoo. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba somo la kweli humwinua mtu kitini. Miaka 5 baadaye, mwaka 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya msingi lazima ianzie pale watu wanapoishi, nao wenyewe wakishiriki. Makanisa yenye hospitali na zahanati yalilielewa jambo hilo upesi, kwa maana waganga wake walikuwa wakimtibu mtoto yule yule mara kwa mara kwa ugonjwa ule ule uliotoka katika maji yale yale.

Nilipomaliza masomo Makumira na kuanza utumishi, nilizikuta semina hizi zikiendeshwa kwa utaratibu rahisi. Kila mtaa ulituma watu wake. Waliokuja hawakulipwa. Wenyeji walileta ndizi, maharage na kuni, na mafunzo yalifanyika kwa mikono zaidi kuliko kwa ubao. Walijifunza kutengeneza kichanja cha kuanikia vyombo, kutenganisha mahali pa mifugo na mahali pa kulala, na kuchemsha maji ya mfereji kabla ya kuyanywa. Kwa mtoto anayeharisha walipimishwa, mmoja baada ya mwingine, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Aliyekosea alimwaga na kuanza upya, kwa sababu chumvi ikizidi hudhuru.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kimea. Uji mwepesi humshibisha mtoto kwa maji, na uji mzito humshinda kumeza. Lakini unga kidogo wa ulezi uliooteshwa, ukitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, huulainisha bila kuongeza maji, na ukichemshwa tena mtoto hupata chakula kingi katika kikombe kidogo. Akina mama walicheka waliposikia, kwa kuwa ulezi wa kuoteshwa waliujua tangu zamani. Ndio ule wa kutengenezea mbege! Mama mmoja mzee alisimama akasema kwamba miaka yote kimea kilikuwa ndani ya nyumba, ila kilikuwa cha baba. Tulicheka sote. Sikujua kwamba mama yule alikuwa ametuhubiri.

Nasema hivyo kwa sababu semina zetu ziliitwa za akina mama, na kweli waliokuja walikuwa akina mama. Siku moja niliitwa kumzika mtoto. Mama yake alikuwa mhudumu wetu wa kujitolea, tena hodari. Alizijua dalili zote za hatari. Alijua tangu asubuhi kwamba mtoto yapasa apelekwe hospitali. Lakini fedha ya nauli ilikuwa kwa baba, na ruhusa ilikuwa kwa baba, na baba hakurudi hadi usiku. Baba yule hakuwa mtu mbaya, bali hakuna aliyekuwa amemfundisha. Kaburini hakusema neno. Nami nilirudi nyumbani nikijua kwamba tulikuwa tumempa mama maarifa tukamwacha bila uwezo wa kuyatumia.

Ndipo nilipofungua tena Katekisimo Ndogo, niliyoifundisha kwa watoto wa kipaimara mwaka baada ya mwaka. Martin Luther aliitoa mwaka 1529, na katika vichwa vya sehemu zake aliagiza kwamba mkuu wa nyumba ndiye awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sisi Walutheri tulikuwa tumekisoma kitabu tukaruka vichwa vyake. Baraza la wazee lilikubali, si bila mabishano, kwamba mtaa utume mume na mke pamoja. Mwanzoni wanaume walikaa karibu na mlango. Kidogo kidogo wakasogea. Tukazungumza juu ya akiba ya dharura ambayo mama anaweza kuichukua bila kuomba, juu ya kupanga uzazi, na juu ya wosia, ili mjane asifukuzwe kihambani.

Kosa la pili ni letu sisi wachungaji. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo tulizika vijana tukisema tu kwamba waliugua kwa muda mrefu. Waliotangulia kulitaja gonjwa hilo kwa jina lake hawakuwa wahubiri, bali wahudumu wa kujitolea, waliomwogesha mgonjwa na kukaa kitandani pake. Hata dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bila malipo mwaka 2004, wao ndio waliowashawishi wengi kwenda kupima. Mimbari ilijifunza kutoka jikoni.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunaufurahia. Hata hivyo usharika usidhani kwamba kazi yake imekwisha, maana yako mambo ya ndani ya nyumba ambayo hufunguliwa kwa jirani aaminiwaye tu.

Wapendwa, kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuambia kwamba Tabitha alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yake. Wahudumu wetu nao tuwakumbuke kwa vyoo vilivyochimbwa, kwa watoto waliopona, na kwa baba aliyejifunza kukoroga uji. Na tunapoianza karne ya pili, semina ijayo itakapotangazwa ibadani, akina baba msingoje kuitwa mara mbili.